Flaksi ya Makaburini

Mume wangu alikuwa na ugonjwa wa kuahirisha mambo, nami nina ugonjwa wa mdomo. Kati ya magonjwa hayo mawili tulilipoteza jina la mtoto wetu mara mbili.

Alikuwa binti, na ndiye aliyetangulia. Nilimzalia mtaa wa Manyatta, Kisumu, katika chumba cha mabati, mkunga akiwa jirani muuza omena ambaye mikono yake ilinuka dagaa hao hata baada ya kuiosha mara tatu. Mtoto aliyezaliwa nyumbani hapati cheti cha kuzaliwa kwa urahisi. Inatakiwa barua ya chifu, vinatakiwa vitambulisho vya wazazi, anatakiwa shahidi. Mume wangu alikwenda ofisini mara moja, akarudishwa kwa sababu ya karatasi moja aliyoikosa, akasema atarudi mwezi ujao. Mwezi ujao ulipofika nilimkumbusha, akasema ujao wake. Ngoja ngoja huumiza matumbo, nilimwambia, naye akacheka, kwa kuwa wakati huo tulikuwa bado tunachekeshana. Mtoto alipokuwa na miaka minne malaria ilimpanda kichwani, na siku ya tatu akafa.

Karatasi pekee ya serikali iliyowahi kuandikwa jina lake ilikuwa kibali cha kuzikia. Baba yake aliikunja mara nne akaiweka ndani ya Biblia. Mimi nilisimama mlangoni, watu wa kanisa wakisikia, nikamwambia kwamba serikali imemjua mtoto wetu akiwa maiti. Wavulana wawili waliofuata walipata vyeti vyao kabla vitovu havijakauka, na kila mara alipotoka kuvichukua hakuniambia anakwenda wapi.

Kazi yake ilikuwa kutunza bustani katika hoteli moja ya ufukweni, ambayo nyasi zake hushuka mpaka majini. Mwenye hoteli alikuwa ameleta flaksi za mapambo kutoka Limuru. Flaksi hii siyo ile kitani ya kufumia nguo. Ni mmea wa majani marefu yaliyochongoka, yanayosimama wima kutoka ardhini, na asiyeujua husema ni mkonge. Kule kwenye baridi unastawi, lakini jua la Kisumu liliyachoma majani yale kwenye ncha hadi yakawa ya kutia aibu mbele ya wageni. Mume wangu akaamriwa ang'oe yote, atupe.

Jioni hiyo nilikuwa namngojea aje na unga. Alikuja na gunia lililolowa maji, lenye majani ndani yake.

Katika shina moja alikuwa ameona chipukizi lisilofanana na mengine. Pembeni jani lake lilikuwa jekundu linalokaribia weusi, na katikati lilipita utepe wa rangi ya uji wa wimbi. Zaidi ya hayo, ncha yake haikuungua. Wenzake wote waliungua, hilo halikuungua. Wakati huo tulikuwa tumehamia mtaa wa Kaloleni, katika nyumba moja ya zamani ya baraza la mji, na nyumba hizo zina jambo moja zuri, zina uwanja. Akalipanda chini ya dirisha la jikoni, nami nikampikia mboga bila ugali ili akili imrudie.

Sikujua kwamba chipukizi hilo litaishi nasi muda mrefu kuliko watoto. Mmea wenye mistari una tabia ya kurudi nyuma. Unaugawanya, unapanda vipande vitano, na msimu unaofuata viwili vimekuwa kijani kitupu kama babu yao. Mume wangu alivikata vya kijani, akagawanya vilivyobaki, akangoja, akakata tena. Mtu huyo aliyekuwa mpole hata kwa mbwa wa jirani hakuwa na huruma na chipukizi la kijani. Alilifukua na mizizi yake, akalichoma moto, akasema ukiliacha moja litawameza wenzake wote. Alifanya hivyo zaidi ya miaka kumi. Hoteli ikabadili wenyewe, naye akapoteza kazi. Tukafungua kitalu cha miche kando ya barabara ya kwenda Dunga, tukauza waridi, miembe ya kupandikiza, miparachichi na nyasi za bustani. Flaksi yake ilibaki nyuma ya nyumba. Haikuwa ya kuuza.

Kisha siku moja alihudhuria mafunzo ya wenye vitalu yaliyofanywa wakati wa maonyesho ya kilimo. Akarudi akaketi, chakula kikapoa mbele yake. Nikamuuliza kama sukari imepanda, maana alikuwa ameshaanza kuugua kisukari.

"Kumbe mtu anaweza kuandikisha mmea," akasema. "Kama ni mpya, na ni yeye ameutoa, serikali inauandika kwa kitabu. Na unaupatia jina. Hiyo jina ikishaandikwa, hakuna mtu anaweza kuuita kitu ingine."

Kisha akalitaja jina la binti yetu. Hatukuwa tumelitaja ndani ya nyumba hiyo hata siku moja. Lilivyotoka kinywani mwake lilikuwa limechakaa kwa kukaa.

"Kwa hivyo unamtafutia cheti," nikamwambia.

"Ndiyo, mikayi."

Aliniita mikayi, yaani mke mkubwa, ingawa hakuwahi kuoa mwingine. Ulikuwa utani wake wa siku zote. Siku hiyo hakuwa akitania. Niliinuka nikaenda kulia bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa.

Mtu mwingine angekwenda kuandikisha kesho yake. Mume wangu akasema mmea haujakomaa. Akasema lazima ahakikishe haurudi nyuma tena, apate mistari iliyonyooka katika kila kipande, ili wakaguzi wasipate la kusema. Akasema tusubiri msimu mmoja. Ukapita, akasema mwingine. Nilimkaripia, lakini si sana, kwa kuwa sasa nilikuwa na sababu yangu ya kutaka mmea ule ukae sawasawa. Ulikuwa unakwenda kuitwa kwa jina la mwanangu.

Katika miaka hiyo ya kungoja ndipo mimi nilipofanya langu.

Binti yetu amezikwa nyumbani kwa baba yake, upande wa Bondo. Tulikuwa tumepeleka flaksi nne tukazipanda kuzunguka kaburi lake. Kiangazi kilipokuja maua yote ya makaburi ya jirani yalikauka, na hizo nne zikasimama. Wanawake wa kijiji wakaona. Wa kwanza kuniomba alikuwa mjane aliyemzika mumewe mwezi uliotangulia. Alisimama uani akasema, "Mama, hata mimi nataka kitu ya kusimama pale kwa mzee." Nani angemnyima? Nilimwambia mos, pole, nikamgawia vipande viwili nilipokwenda tena. Baada yake akaja mwingine. Msiba huku kwetu haukosi mwenyewe.

Sasa, sisi akina mama wa vitalu tuna desturi yetu. Mche wa bure haushiki. Sijui ilitoka kwa nani. Niliikuta barabarani nilipoanza kazi, na jirani yangu wa kitalu, mama aliyehamia kutoka Murang'a, alikuwa nayo vilevile, kwa hiyo siwezi kusema ni ya Waluo. Ukimpa mtu mche bila yeye kutoa chochote, ataupanda na utakufa, kwa sababu mkono mtupu haulambwi, na ardhi nayo ina mkono wake. Basi hata ukitoa zawadi unapokea sarafu. Shilingi kumi, ishirini, asiye nacho tano. Haihesabiwi kuwa bei. Waridi la kuuza tulikuwa tunalipandishia bei bila aibu, tukimwona mteja ameshuka kwenye gari. Lakini sarafu ya zawadi ni ya kuushikisha mche tu. Za makaburini sikuzila hata moja. Nilizifunga kwenye kitambaa, na Jumapili nikazitia kwenye kikapu cha sadaka.

Mume wangu alijua kwamba nagawa, na desturi ya sarafu aliijua kama alivyojua kwamba jua huzama ziwani. Ilikuwa ya kawaida mno kwetu sote wawili hata hatukuwahi kuizungumza.

Kisha sukari ikamharibu figo, na baada ya figo ikashika macho. Mara mbili kwa wiki tulikwenda kusafishwa damu hospitalini, yeye kwenye kiti karibu na mashine, mimi kwenye benchi. Daktari alimpimia maji ya kunywa: kikombe hiki asubuhi, hiki mchana, basi. Mimi ndiye niliyekuwa askari wa maji hayo. Alikuwa akiniomba kama mtoto, nami nikimkatalia, na sikuona lolote gumu zaidi katika ndoa yetu. Alipoona hali hiyo, ugonjwa wake wa kuahirisha ukapona ghafla. Akataka fomu. Akataka ijazwe wiki hiyohiyo.

Macho yake yalikuwa yamebaki ya kuona mwanga na vivuli, hivyo mimi ndiye niliyekuwa nikimwonea. Tulikaa uani na rula. Niambie upana wa jani. Niambie utepe unaanzia wapi. Wekundu wa pembeni ni wa damu mbichi au wa ini? Nilimwambia, naye akayapapasa majani kwa vidole akisema ndiyo, ndiyo, hilo ni letu. Fomu ilikuwa na swali: je, mmea huu umewahi kuuzwa? Nilimsomea. Akasema andika hapana. Nikaandika hapana, kwa mwandiko wangu, na moyo wangu ulikuwa mweupe.

Baada ya miezi kadhaa ofisi ikamtuma mkaguzi. Alikuwa mwanamke kijana kutoka Nairobi, mwenye buti za shambani na adabu nyingi. Alipiga magoti kwenye matope ya uwanja wetu akayapima majani moja baada ya jingine. Alikuwa na kadi ya rangi nyinginyingi, akawa anailinganisha na majani. Alihesabu vipande. Akatafuta kilichorudi kijani, hakukipata. Asubuhi nzima mume wangu alikaa kwenye kiti chake karibu na mlango, kichwa amekiinamisha upande mmoja, akisikiliza kalamu ikiandika.

Hatimaye mkaguzi akainuka, akakung'uta magoti. "Mzee, umefanya kazi," akamwambia. "Hii iko tofauti, na iko sawa kila mahali. Sijaona kama hii."

Nilimwona mume wangu anajaribu kupangusa uso kwa kofia yake ili ionekane ni jasho, nami nikajawa na furaha kiasi cha kusema yasiyoulizwa. Nikamkaribisha mgeni chai na viazi vitamu. Tuliketi watatu.

"Mama," mkaguzi akasema, akimenya kiazi, "hii mmea nafikiri nimeiona jana. Nilikuwa na kazi Bondo, na kuna boma moja imepandwa kwa kaburi. Ilifika aje huko?"

"Ni mimi nilipeana," nikasema. "Na si hiyo moja. Ukienda huko kwetu, karibu kila dala, kila boma yenye msiba, iko nayo."

"Ulipeana bure?"

"Bure aje? Mche ya bure haishiki. Walitoa kakitu."

Mume wangu akainua mkono. Niliuona. Nilidhani anaomba kikombe.

"Baba, maji yako ya leo imeisha," nikamwambia, nikaendelea kumtazama mgeni.

"Kakitu gani?"

"Shilingi kumi. Mwingine ishirini. Kama hana, hata tano."

Mkaguzi akaweka kikombe chini. Alinitazama kwa muda, na leo najua alikuwa ananifungulia mlango. "Mama, wacha nikuulize tena, na usikilize vizuri. Hizo zilikuwa zawadi, ama ulikuwa unauza?"

Mimi nilifikiri ananishuku kwamba nimewapa wafiwa miche hafifu, ya kutupatupa, itakayoliharibia jina la mwanangu. Nikakasirika kidogo. "Madam, kila mtu alilipa. Hakuna hata mmoja alitoka kwangu na mche bila kutoa kitu. Ndio maana yote imeshika. Mungu ni shahidi wangu."

"Kuanzia lini?"

"Inaenda mwaka wa nne."

"Mikayi," mume wangu akasema. Basi hilo tu.

Mkaguzi akatueleza. Aliongea polepole, akinitazama mimi, kisha yeye, kisha kiazi chake. Sheria inataka mmea uwe mpya. Ukiuzwa kwa hiari ya mwenyewe zaidi ya mwaka mmoja kabla ya maombi, si mpya tena, hata uwe mzuri namna gani.

"Lakini ni shilingi kumi," nikasema.

"Sheria haisemi ni ngapi, mama."

"Hiyo pesa nilipeleka kanisa."

"Haisemi pesa ilienda wapi."

Mume wangu akasema kwa sauti ya chini, "Kwa fomu tuliandika hapana. Sikudanganya."

"Najua, mzee."

"Sikudanganya," akarudia.

Mkaguzi akasema hawezi kuandika asichokisikia wala kuacha alichokisikia, kwa kuwa makaburi yako wazi na mtu yeyote anaweza kupinga. Alikuwa na machozi, sitamsingizia ubaya. Akaondoka bila kumaliza chai. Nilibaki nimeshika sahani ya maganda.

Nilimkasirikia yeye kwa kuuliza. Niliwakasirikia wajane kwa kufiwa. Mwishoni, kama kawaida yangu, nikamgeukia aliye karibu. Nikamuuliza mume wangu kwa nini hakuninyamazisha.

"Niliinua mkono," akasema.

Wiki hiyo tulizungumza mambo ya dawa tu. Halafu siku moja hospitalini, mashine ikizungusha damu yake na mimi nikiwa kwenye benchi langu, alianza kuongea akiwa amefumba macho. Alikumbuka siku ile ya msiba, mimi nikiwa mlangoni. Alirudia maneno yangu jinsi nilivyoyasema, neno kwa neno, kwamba serikali imemjua mtoto wetu akiwa maiti.

"Hiyo maneno nimebeba zaidi ya miaka ishirini," akasema. "Nilikuwa nimeona mahali pa kuiweka chini. Sasa naona sitaiweka. Lakini angalau tumelingana."

Laiti angenifokea. Alisema kwa upole, kama anayetaja saa, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Nilitaka kumwomba msamaha wa maneno ya zamani na ya sasa kwa pamoja, na mdomo wangu, huu ambao haujawahi kukosa kazi, ukakataa kufunguka. Nilimpangusa paji la uso. Muuguzi akaja kuangalia mashine, na nafasi ikapita.

Barua ilifika akiwa hawezi tena kutembea mpaka chooni peke yake. Nilikaa kitandani pembeni yake nikaifungua. Alitaka nimsomee yote, kwanza kwa Kiingereza kama ilivyoandikwa, kisha kwa Dholuo, lugha yetu. Nikamsomea. Maombi yamekataliwa kwa kukosa upya. Mmea umeonekana kuwa wa pekee, ulio sawa na thabiti, lakini umekuwa mikononi mwa watu kwa malipo kabla ya muda unaoruhusiwa. Jina la binti yetu lilikuwa limepigwa chapa juu kabisa, kwa herufi kubwa, kwenye karatasi yenye nembo ya serikali.

"Wameliandika sawasawa?" akauliza.

"Sawasawa."

"Herufi zote?"

"Zote."

Vidole vyake vilitafuta karatasi, nikaiweka chini yake, akapapasa pale juu ingawa chapa haina mwinuko wa kupapaswa. Kisha akaniuliza, "Kuna lingine limebaki?"

Lilikuwapo. Ilikuwa sentensi moja peke yake chini ya nyingine zote, kabla ya sahihi. Ilisema kwamba jina lililopendekezwa halihifadhiwi tena, na mwombaji mwingine yeyote yuko huru kulitumia.

Mimi ndiye niliyemwonea upana wa kila jani. Miaka miwili alikuwa ameona kwa maneno yangu tu, na sikuwahi kumwongezea wala kumpunguzia hata nusu ya sentimita. Nilikuwa mkweli siku ambayo uongo mdogo ungetuokoa, tena bila hata kujua kwamba ninachagua.

"Hakuna lingine," nikasema.

"Basi angalau jina limebaki letu," akasema. "Mmea wachukue. Jina hawataliweka kwa kitu ingine."

"Hawataliweka."

Alilala usingizi mzuri alasiri hiyo, usingizi ambao sikuwa nimeuona kwa miezi mingi. Alikufa kabla mwezi haujaisha. Tulimzika nyumbani, na wanawake wale niliowagawia walikuja kila mmoja na kipande alichokichimbua kwenye kaburi la mtu wake, wakampandia. Walidhani wananifariji. Nilisimama nikawashukuru mmoja mmoja, ero kamano, ero kamano, huku nikitamani kukimbia.

Siku hizi flaksi hiyo iko kila mahali kutoka Kisumu hadi Bondo, na kila muuzaji anaiita anavyotaka. Wengi husema flaksi ya makaburini. Wateja wa mjini hawaitaki mlangoni kwao, wanaogopa. Mimi bado ninayo nyuma ya nyumba, na machipukizi ya kijani nayakata, ingawa sijui nayakatia nani.

Ninachofanya zaidi ni kutafuta. Naingia saiba, duka la intaneti, nawaomba wanifungulie orodha ya mimea iliyoandikishwa, nashuka na kidole kwenye kioo jina baada ya jina mpaka kijana wa pale anauliza kama nimepoteza kitu. Kwenye maonyesho ya kilimo nainama kusoma vibandiko vya waridi, vya mahindi, vya viazi. Sijaliona bado. Lakini si jina la ajabu. Ni jina ambalo huku kwetu hupewa mtoto kufuatana na saa aliyozaliwa, ukiliita sokoni wanawake kumi watageuka, na mtu yeyote mwenye ua jipya anaweza kuamka kesho akalipenda. Ndiyo maana nimeandika kurasa hizi zote na sijalitaja.